Nati iliyoliwa kona: maongezi na vijana wa gereji

Haya vijana sogeeni, mlio nyuma njooni huku kivulini, nataka kila mtu aishike hii nati kwanza ndio niongee. Ipitishe, ipitishe. Ni ya shafti ya mbele ya Corolla, ile fimbo ya chuma inayozungusha tairi, boksi yake, yaani spana ya kuvalisha juu ya nati, ni namba 30, ilikuwa na kona sita kama nati nyingine yoyote. Sasa papasa hapo, kona hakuna, imekuwa duara kama kokoto la mtoni, na huo mpasuko mnaouona ubavuni nimeuchana mimi mwenyewe kwa grinda juzi jioni.

Gari lilikuja likivutwa, bering ya kulia, ile ya gololi inayobeba tairi, inavuma, na mwenye gari kashapitia gereji nyingine kabla ya hapa. Huko walianza kuifungua nati ikazunguka kidogo ikagoma, wakaongeza nguvu, ikateleza, wakabadilisha spana, ikateleza tena, mwishoni wakaiuma na spana ya bomba na hiyo ndio ilimaliza kila kitu. Mwenye gari kaambiwa anunue shafti nzima. Nikachukua brashi ya waya na tochi nikasafisha ncha ya shafti taratibu, nikaona kitundu cha kota pini, kile kipini kinachopita kwenye shafti kuizuia nati isilegee, na ndani ya kitundu kuna kipande cha pini! Aliyeitoa ilimkatikia, akachomoa kichwa na kile kikofia cha kufunga nati akaona kazi imeisha. Kwa hiyo nati ilikuwa inarudi nje vizuri tu mpaka inakutana na kile kipande, thredi, yale meno ya nati, zinakiuma, inajam. Kutu waliyoisingizia wala haikuwepo. Kipande chenyewe hakifiki urefu wa punje ya mchele, na ndicho kilichokula nati na nusura kile na shafti.

Ndio maana leo nawaambia hivi, nati ikigoma usitafute bomba, tafuta sababu. Na ikiteleza mara moja, MARA MOJA TU, toa spana weka chini. Kona haiishi siku moja, inaishia kwenye ile jaribu ya pili na ya tatu ambayo mtu anaifanya kwa hasira.

Hebu tupige hesabu. Nati hii kwenye Corolla nyingi za zamani inakazwa 216 Nm (newtoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 22 kwenye ncha ya mkono wa mita 1. Kilo 22 ni kama ndoo ya maji iliyojaa. Sasa kijana ana kilo 75, anachomeka bomba la mita moja na nusu kwenye mpini wa spana anasimama juu yake, hapo anaipa nati mara tano ya ile nguvu ya kukazia. Kama mara tano haijatoka ujue kuna kitu kimeishika, pini, au ule mdomo wa nati uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti na hujaunyanyua, au unazungusha upande sio. Na bomba likichomoka linakuja usoni. Nimeshampeleka kijana hospitali na taya limevimba kwa sababu hiyo hiyo, sitaki kurudia.

Upande sio, mnacheka, lakini wanaofanya kazi za Fuso na Isuzu wanajua. Zile lori nyingi za Kijapani za zamani tairi za kushoto zinafungwa kwa thredi za kushoto, kwenye bolti pamegongwa herufi L, za kulia zina R. Asiyejua anafika na boksi 41 anazungusha kama alivyozoea, anazidi kukaza tu huku anasema imeganda. Futa ncha ya bolti usome kwanza.

Kutu nayo ipo, siikatai. Haya magari yetu used mengi yanatoka Japani na kule sehemu za theluji kama Hokkaido barabara zinamwagiwa chumvi, gari linashuka hapa bandarini huku chini kashaanza kuliwa, halafu linakuja kukutana na upepo wetu wa bahari. Kwa kutu dawa ni muda. Safisha, mwagia oili ya kupenya, gonga gonga pembeni ya nati kwa nyundo ndogo, nenda kanywe chai, rudi mwagia tena. Usigonge ncha ya shafti kwa nyundo kubwa, kila pigo linafika kwenye gololi za bering na kama bering ilikuwa nzima umeshaiua.

Halafu boksi. Nawaomba sana, nati kama hii tumia boksi ya kona sita, achana na ya kona kumi na mbili. Ile ya kumi na mbili inashika karibu na ncha ya kona, ndio sehemu dhaifu, ya sita inakaa kwenye ubapa. Kona zikianza kulegea lakini bado zipo kuna njia ya boksi ndogo kidogo, na hapa zile boksi za inchi zinasaidia, mfano nati ya tairi ya 21 iliyolika unaipigilia boksi ya 13/16 ambayo ni milimita 20.64, inabana. Hii ya 30 unaipiga tupa ubapa kwa ubapa mpaka iingie boksi ya 29. Kazi ya saa nzima, ila unaokoa shafti.

Moto unafanya kazi, nao una masharti. Chuma cha kipenyo cha milimita 22 ukikiongezea nyuzi joto 300 kinatanuka kama milimita 0.08, kidogo hivyo, lakini kutu inaachia. Pasha nati, usipashe shafti, na ujue buti ya mpira, grisi ya bering na waya wa ABS, zile breki zinazozuia tairi kujifunga, viko hapo karibu. Ukiamua kuchomelea nati kubwa juu yake, toa terminali ya betri, na ethi, ule waya wa kurudishia umeme wa mashine ya kuchomelea, ibane kwenye hiyo hiyo shafti, sio kwenye chesisi, la sivyo umeme unapita ndani ya bering na kuchoma gololi. Na kama umepuliza dawa ya kusafishia breki usiwashe moto wowote pale, nyingine zina klorini na zikiungua zinatoa gesi ya sumu kali inayoua mapafu. Kwenye hili sina utani kabisa.

Hii yangu nilifanyaje? Kwanza nilitoa kile kipande kwa msumari wa chuma kigumu niliousaga ncha, ikachukua dakika arobaini. Nati bado haina pa kushika, basi nikachana ubapa mmoja kwa grinda, diski nyembamba, nikaacha kama unene wa ukucha kabla ya kufika kwenye thredi. Nikaweka tindo kwenye mpasuko, pigo moja, mbili, la tatu likalia tofauti, ile sauti ya ting ikawa tak. Nati ikafunguka kwa mkono.

Thredi zilikuwa na jeraha sehemu moja, nikazipitisha tupa ya pembe tatu. Nati mpya na kota pini mpya, hiyo sio ya kubana matumizi. Nimekaza na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukazia, tairi likiwa chini, gari limeshazunguka kilomita tano, nimegusa habu, vile vitovu vya tairi, zote mbili za mbele kwa kiganja na joto lao ni sawa. Lile pale kwenye mwembe, twendeni mkashike na nyie kabla mwenyewe hajafika.