Kiboksi cha roshani: nani anapima hewa ya mtaani kwenu?

Hamjambo ndugu zangu wa Dar, na popote mnaponitazama. Niko roshani kwangu, Stuttgart, Ujerumani. Sogeeni muone. Haya ni mabomba mawili ya plastiki, yale yenye kona, moja limechomekwa ndani ya jingine. Humo ndani kuna kifeni kidogo kinavuta hewa, na mwanga wa leza unapima chembe za vumbi zinazopita. Kila dakika mbili na nusu hivi, kiboksi hiki kinarusha vipimo kwa waifai, na hata wewe uliyeko Mbagala unaweza kuviona kwenye ramani.

Mji huu uko bondeni, vilima vimeuzunguka, basi majira ya baridi hewa chafu inatuama kama maji kwenye beseni. Makutano ya Neckartor yalijulikana Ujerumani nzima kwa uchafu wa hewa. Mashine ya serikali ilikuwepo pale, lakini dirishani kwa mtu je? Mwaka 2015 watu wa hapa, kwa kujitolea tu, wakaanza kuunda viboksi hivi na kuwaonyesha majirani. Waliuita mradi Luftdaten, sasa ni Sensor.Community, na umeshavuka mipaka mingi.

Siwafichi: siku ya ukungu kinadanganya, kinahesabu matone ya maji kama vumbi. Kwa hiyo kimoja peke yake hakitoshi. Lakini vikiwa ishirini kwenye mtaa mmoja, na siku kavu vyote vinapanda saa ile ile ya foleni, hapo una la kumwambia diwani.

Na msiniambie kwetu haiwezekani. Mnakumbuka Ramani Huria? Ilianza mwaka huohuo wa 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi walizunguka kata zenye mafuriko pamoja na wakazi, simu mkononi, wakaingiza mitaro na nyumba kwenye ramani iliyo wazi kwa wote. Mwenye kujua maji hupita wapi ni yule yanayemwingilia ndani, na aliulizwa. Hilo lilinigusa sana.

Mama yangu yuko Tandika, anapikia mkaa, na jioni majirani wanachoma taka. Nataka kujua anavuta nini. Desemba nikija nabeba viboksi viwili, kimoja ni cha kwake. Cha pili nakitafutia nyumba kando ya Barabara ya Mandela, yenye umeme na waifai. Kama ni kwako, niandikie hapo chini.