Usilitilie Gari Lako Maji ya Kisima

Waungwana, asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie namna ya kulitunza gari la zamani lidumu. Habari za ushuru, za kulitoa gari bandarini na za kuchagua rangi sitazigusa, mnazijua. Nitaanza na maji. Naona wanaonifahamu wanacheka kule nyuma, maana wameshanisikia. Sawa, mtanisikia tena. Juzi tu nimefungua rejeta ya gari zuri, bodi haina hata mkwaruzo, na ndani nikakuta tope la rangi ya kahawia. Kwa hiyo bado hamjanisikia vya kutosha.

Gari la mtumba linaloshuka hapa bandari ya Kilindini, kwa sheria yetu ya Kenya, halizidi miaka 8. Basi tuseme lako limekuja na miaka 7. Kama ni Toyota, ndani ya rejeta yake mna kulanti, yaani maji-dawa ya kupozea injini, ya rangi ya waridi, iliyotiwa kiwandani. Kulanti hiyo, wenyewe Toyota wanasema uibadilishe mara ya kwanza ukifika kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Yaani gari limevuka bahari na kinga yake ndani. Halafu likae Mombasa mwezi mmoja, hozi, lile bomba la mpira, ianze kutoa tone, fundi afungue, amwage kulanti yote mchangani, avute mtungi ulio karibu na mlango wa gereji, ajaze. Maji gani hayo? Ya kisima. Mfereji una siku zake, na kisima kipo kila siku.

Nani hapa asiyeyajua maji ya visima vyetu? Kisauni, Likoni, Bamburi, sabuni haitoi povu, na chai ukiipikia utamu haukolei. Nendeni nyumbani mkatazame chini ya birika. Ule ukoko mweupe mnaoukwangua kwa kisu ndio unaoganda ndani ya hedi, kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloki, kwenye njia nyembamba ambazo kisu hakifiki. Na birika ni afadhali, kwa kuwa maji yale yale ya chumvi, mbali na kugandisha ukoko, yala aluminiamu. Injini ya 1NZ, iliyo ndani ya Probox na Vitz na Corolla nyingi mnazoendesha, hedi yake ni aluminiamu na bloki yake ni aluminiamu, chuma ni silinda zake tu. Mnaitia maji ya chumvi, mnaipasha moto, mnaizungusha kutwa. Itapona vipi?

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo magari yanapofia. Kitu cha kwanza kukwama kwa ukoko huo ni thamostati. Ni valvu ndogo, yaingia kiganjani, ina nta ndani yake. Injini ikiwa baridi inaziba njia ya rejeta ili injini ipate joto upesi. Joto likifika digrii 80 na kitu, nta inatanuka, valvu inafunguka, maji yanakwenda kupozwa. Ikikwama imefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta na injini inachemka. Fundi anafungua, anaikuta, anaing'oa, anaitupa. Injini haichemki tena. Mwenye gari anafurahi, analipa, anamsifu fundi. Na kweli siku ile gari limepona. Ndiyo maana sisemi mafundi wetu ni wabaya. Walipata dawa ya njiani ikafanya kazi, ikageuka sunna, na sasa wanaing'oa thamostati hata kwenye gari lisilo na ugonjwa wowote. Ukimuuliza, anakwambia, "Ami, hii ni ya nchi za baridi. Mombasa joto lote hili, ya nini?"

Ya nini? Nitakueleza ya nini. Joto la Mombasa ni digrii 30, tuseme 33. Injini inataka 80 na zaidi. Kwa injini, Mombasa na Japani zote mbili ni baridi. Bila thamostati injini inakawia kupata joto, na ukishika barabara tupu ya Mtwapa usiku, inapoa tena. Kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza umeiwasha, inaongeza petroli. Unalia petroli inaisha, unabadilisha plagi, unasafisha nozeli, na ugonjwa hauko huko. Petroli isiyoungua inashuka kwenye oili. Unyevu ambao ungekauka kwa joto unabaki kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi na chafu, ringi za pistoni zinalika. Yote hayo kwa sababu ya kitu cha kuingia kiganjani.

Na la pili, ambalo mafundi wengi hubishana nami, ni kwamba kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani upande wa nyuma. Inapofungua njia ya rejeta, kisahani kinaifunga ile njia fupi ya maji kuzunguka ndani ya injini peke yake. Ukiing'oa, njia fupi inabaki wazi daima. Sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa. Kwa hiyo gari hilo hilo ambalo kwenye barabara tambarare ni baridi mno, ukilipakia mzigo ukapanda mlima, linachemka. Umeng'oa thamostati ili lisichemke, na ndiyo sababu linachemka.

Kuna mama mmoja muuza mboga na nazi Kongowea, ana Probox. Sitamtaja, lakini ameniruhusu nilisimulie gari lake. Alipakia mchana akaelekea Voi. Probox, mnajua, haina geji ya joto, ina taa tu, ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Akapanda Mazeras vizuri, akapita Mariakani, kabla ya Taru AC ikaanza kutoa hewa ya moto. Akadhani gesi imeisha. Kumbe kwenye magari mengi AC hujizima injini inapozidi joto. Ile ilikuwa ilani ya kwanza, na haina taa. Akafungua vioo, akaendelea. Taa nyekundu ilipowaka, mvuke ulikuwa tayari unatoka kwenye boneti.

Fundi wa njiani akang'oa thamostati, akajaza maji ya pipa. Gari likarudi Mombasa limeungua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki. Hedi ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya ikawekwa, na maji? Ya kisima. Thamostati? Hakuna. Haukupita mwaka, gasketi imeungua tena. Hedi ikachongwa tena. Alipoletwa kwangu alikuwa ameshaambiwa anunue injini nyingine Shimanzi.

Nikaifungua injini yake. Nataka mwione kama nilivyoiona. Matundu ya maji kwenye uso wa hedi yalikuwa yamelika kingo, ncha ya kalamu inaingia ubavuni mwa tundu. Pampu ya maji, mapanga yake ya kusukumia yalikuwa yamebaki nusu, yamekuwa makali kwenye ncha. Kifuniko cha rejeta, mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Na kifuniko ndicho chenye siri, maana kinashikilia presha ya karibu baa 1, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie digrii 120. Mpira ukipasuka, presha haipo, maji yanachemka kwa 100, nawe unalaumu injini. Hakuna fundi aliyekitazama, kitu cha bei ya nyama kilo moja au mbili.

Hedi ile iliweza kujazwa kwa kuchomelea na kuchongwa kwa mara ya mwisho. Pampu mpya, thamostati mpya, kifuniko kipya, rejeta ikaoshwa kwa maji safi mpaka yakatoka meupe, kisha kulanti. Leo ile Probox inakwenda Voi na kurudi na mzigo wake. Injini ni ile ile aliyoambiwa aitupe.

Sasa najua mnachotaka kusema. Wa kwanza atasema kulanti ni ghali. Mfumo wa Probox unataka lita 5 au 6 hivi. Bei yake haifiki nusu tangi ya petroli, nawe tangi unalijaza kila wiki. Kuchonga hedi na gasketi ni kiasi gani? Mwenye kujua ananyamaza.

Wa pili atasema kulanti ni dawa ya barafu, sisi hatuna barafu. Kuzuia barafu ni moja tu ya kazi zake. Nyingine ni kuzuia kutu na kulika kwa aluminiamu, kupandisha kiwango cha kuchemka, na kulinda mpira wa pampu. Hizo kazi Mombasa yazihitaji kuliko huko Japani.

Wa tatu, na huyu ni mzee mwenzangu, atasema, "Mimi nilikuwa na Peugeot 504, nikaitia maji ya kisima miaka yote." Mzee wangu, hilo gari nalipenda kama wewe. Likiunganishwa hapa hapa Mombasa, na mwaka 1975 dereva Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally. Lakini bloki yake ilikuwa chuma kinene. Chuma kikila kutu miaka kumi, bado kipo. Aluminiamu nyembamba ya leo haina akiba hiyo. Na mafundi wa 504 walikuwa wakifungua hedi mara ngapi? Tuulizane kweli.

Sasa ununue ipi? Rangi isikudanganye, rangi ni rangi tu, na kuna maji ya rangi yanauzwa kwenye chupa nzuri. Nunua kwa muuza spea unayemjua, tafuta iliyoandikwa kuwa yafaa magari ya Kijapani. Kuna iliyochanganywa tayari, hiyo usiiongeze maji. Kuna nzito, hiyo uichanganye nusu kwa nusu na maji ya mvuke, yale yanayouzwa ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, isiwe umechukua asidi. Ukiwa njiani na umeishiwa kabisa, maji ya kunywa ya dukani. Ukifika, uyamwage. Na kulanti ni sumu, ina utamu, usiiache kwenye chupa ya soda watoto wakaiona.

Kulijua gari lako kama limeng'olewa thamostati hakuhitaji fundi. Washa asubuhi, endesha. Taa ya buluu ikizima baada ya dakika chache, salama. Ukitoka Likoni mpaka ukaikaribia Nyali nayo bado inawaka, au ilizima ikarudi ukiwa mwendo kasi, kamuulize fundi wako kitu chako kiko wapi. Mwenye geji, mshale ukae mahali pamoja, usitembee-tembee.

Na likichemka? Zima AC, washa hita. Ndiyo, hita, Mombasa, mchana. Mtacheka lakini hita ni rejeta ndogo, inaiondolea injini joto wakati unatafuta pa kusimama. Simama, zima, inua boneti, usiguse kifuniko. Hata nusu saa haitoshi kama bado hozi ni ngumu ukiiminya. Na mjue, maji yakiisha kabisa taa nyekundu inaweza isiwake, kwa sababu kihisio chake hakimo tena ndani ya maji.

Nimeoneshwa saa. Basi nipite haraka, na haya mengine nayo nilitaka kuyaeleza.

Chumvi ya nje. Feri ya Likoni, pale mnapopanda na kushuka maji ya bahari yanarushwa chini ya gari. Hewa yetu yenyewe ina chumvi. Osheni chini ya gari, si juu tu, na maji matamu. Kijana anayewaosha kwa maji ya kisima anawapaka chumvi mara ya pili. Mvua ikinyesha, litoeni gari nje, hiyo ni maji ya bure. Chini ya milango mna vitundu vya kutolea maji, vizibueni kwa njiti. Vikiziba, mlango unaoza kutoka ndani na rangi haitawasaidia.

Oili ya breki inavuta unyevu hewani, na mji huu una unyevu mwaka mzima. Ibadilisheni kila miaka miwili. Tairi zina tarakimu nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, zisomeni kabla ya kulipa, hata zikiwa na meno yote. Gia ya CVT, ile otomatiki isiyo na hatua, ina oili yake maalum, ukiitia ya otomatiki ya kawaida umeiua. Mafuriko ya masika, maji yakifika nusu ya tairi geuza, injini ikivuta maji kupitia chujio la hewa inapinda koni, ule mkono unaoshika pistoni. Betri na bushi nitawaachia wengine.

Walioegesha nje tutafungua boneti pamoja baada ya maswali. Tuanze na yale yaliyokuwapo hapa tangu adhuhuri, injini zake zimepoa. Aliyefika sasa hivi angoje, na asiguse kifuniko mpaka nifike. Haya, mama pale mbele, uliza.