Kovu la Ubavuni

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliopanda huku kutoka Mwanjelwa na manyunyu haya, asanteni kwa kuja.

Nianze na mama mmoja. Alikuja kliniki na karatasi iliyokunjwa mara nne, kutoka hospitali nyingine. Imeandikwa: uvimbe kwenye kongosho. Wanawe walishaitwa pembeni wakaambiwa hakuna la kufanya, mrudisheni nyumbani mkamtunze. Ndugu wa Tunduma na Makambako walishapigiwa simu. Nikamwomba apande kitandani nimpapase tumbo. Alipolegeza kitenge nikaona kovu, limeanzia chini ya mbavu za kushoto likaenda hadi ubavuni, limefifia, limekuwa jeupe.

"Mama, hili la nini?"

"Aa, hilo la zamani, baba. Figo ilitolewa, huyu kitinda mimba wangu akiwa darasa la pili."

Kitinda mimba mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ana ndevu.

Hakuna aliyemuuliza mama habari za kovu. Naye hakusema, kwa kuwa aliambiwa amepona, na miaka 14 ilishapita. Kwa nini aliseme?

Sasa nisikilizeni hapa. Kongosho tunalijua kwa ajili ya sukari. Limejilaza nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake kama sentimita 15. Saratani inayoanzia humo ni kali sana. Hata Marekani, wanaofikisha miaka 5 ni kama 13 tu kati ya 100. Ndiyo maana likitajwa jina hilo, nyumba nzima inanyamaza. Lakini uvimbe ulio ndani ya kongosho si lazima uwe umezaliwa humo. Unaweza kuwa mgeni aliyetoka kwenye figo.

Ipo aina ya saratani ya figo inayoonekana zaidi ya nyingine zote. Chini ya hadubini seli zake ni nyeupe, kama vyumba vilivyohamwa, kwa sababu mafuta na sukari vilivyozijaa huoshwa kipande cha nyama ya uvimbe kinapoandaliwa kupimwa. Saratani hii inajua kungoja. Figo inatolewa, mtu analima, anasomesha, anaozesha mabinti. Baada ya miaka 10, wengine 20 na zaidi, inachomoza kwenye kongosho. Wengi hawasikii hata maumivu. Wengine hupata manjano ya macho na ngozi, au damu tumboni.

Kwa nini kongosho? Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Akaona ini linavamiwa mara nyingi mno kuliko bandama, ingawa damu inafika kote kuwili. Akasema saratani ni mbegu, na kiungo ni udongo. Sisi wa nyanda hizi jambo hilo tunalijua kwa jembe: kakao inayostawi Kyela, nenda kaipande Kitulo uone. Kwa baadhi ya watu, mbegu iliyotoka kwenye figo udongo wake ni kongosho, na mara nyingine huota hapo tu, kwingine kote kukabaki salama.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua matibabu. Dripu za saratani ya kongosho haziisumbui saratani ya figo. Mgonjwa atatapika na kudhoofika bure. Hii ya figo inaishi kwa damu nyingi, inajiitia mishipa, na kwenye picha ya CT-scan yenye dawa ya mshipani inang'aa. Kwa hiyo zipo dawa za kumeza zinazoibana hiyo mishipa, kama sunitinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Na uvimbe ukiwa mmoja au michache, mwili ukiwa na nguvu, unaweza kukatwa. Katika taarifa nyingi za waliopasuliwa hivyo, zaidi ya nusu wamevuka miaka 5.

Yule mama tulimrudisha nyumbani akatafute karatasi ya majibu ya kipimo cha nyama ya ile figo. Aliyakuta kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya harusi. Nyama ya kongosho ilipochukuliwa na kupimwa, ikafanana nayo. Alikwenda Dar es Salaam, akakatwa mkia wa kongosho. Sasa anapima sukari kila asubuhi, na msimu huu amepanda viazi.

Ukikojoa damu, hata mara moja, hata bila maumivu, njoo. Na kama figo yako ilitolewa kwa uvimbe, mtajie kila daktari anayekupokea, kabla hajauliza. Onyesha kovu. Watoto nao wajue karatasi iko wapi.

Ndiyo, mzee wangu pale nyuma? Miaka 12? Hapana, usiogope, wengi hairudi. Lakini kipimo cha picha mara ya mwisho ulifanya lini? … Basi usiondoke. Hiyo bahasha uliyoishika tuifungue pamoja.