Panda, Shuka: Kuandika Mchezo wa Kukisia Namba

WAFULA: Hamjambo popote mlipo. Hapa ni Kisumu, jua la leo ni lile la kukausha omena kabla ya saa sita. Mimi ni Wafula, na niko na dada yangu Atieno.

ATIENO: Karibuni. Leo tunaandika mchezo. Kompyuta inaficha namba kati ya 1 na 100, wewe unakisia, nayo inakwambia panda au shuka mpaka uipate.

WAFULA: Huo si mchezo wa watoto jamani?

ATIENO: Kuucheza, ndiyo. Kuuandika ndiko kwenye kazi. Ni mistari 11 tu ya Python, lugha ya kuandikia programu, lakini humo unajifunza kupokea kitu kutoka kwa mtu, kulinganisha, kurudia, na kujua wakati wa kuacha. Anayeanza hahitaji zaidi ya hapo mwezi wa kwanza.

WAFULA: Na asiye na laptopu?

ATIENO: Simu ya Android inatosha. Programu ya kuandikia Python, Pydroid 3, ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, kwa hivyo bando likiisha unaendelea. Shida ya simu ni zile nafasi za mwanzo wa mstari. Python inazitumia kujua mstari gani uko ndani ya mwingine, na desturi ni nafasi nne. Sasa mtu anaweka tatu hapa, nne pale, halafu analalamika eti Python ina madharau.

WAFULA: Haya, tusomee. Polepole, kuna watu wanatusikiliza wakiwa kwenye matatu ya Busia.

ATIENO: Mstari wa kwanza, import random, yaani leta kifaa cha Python cha kuchagua namba kwa kubahatisha. Wa pili, siri = random.randint(1, 100). Namba imefichwa, na 1 na 100 zote zimo. Ungetumia randrange(1, 100), mchezo ungeishia 99. Hilo jina siri ni langu mimi. Ungeliita kwa Kijaluo au kwa Kibukusu, Python isingejali. Amri zake tu ndizo haziguswi.

WAFULA: Wa tatu?

ATIENO: kisio = 0. Sifuri haimo katika 1 hadi 100, kwa hivyo haiwezi kuwa jibu, na mzunguko utaanza bila wasiwasi. Kisha while kisio != siri, yaani maadamu kisio si sawa na siri, endelea. Ndani ya mzunguko unauliza: kisio = int(input("Kisia namba: ")). Hapo input inapokea, int inageuza maandishi kuwa namba. Kikiwa chini ya siri, chapisha "Panda". Kikiwa juu, chapisha "Shuka". Vinginevyo, "Umeipata!" Imekwisha.

WAFULA: Imekwisha kweli? Kuna kijana wa Kondele katutumia sauti. Anasema ameandika mchezo wake, tena rahisi kuliko wako, unajibu "Hapana" au "Ndiyo" tu. Akamwambia Python imwonyeshe siri, ikaonyesha 42. Akaandika 42. Ikamwambia "Hapana." Anauliza kama simu yake imerogwa.

ATIENO: Haijarogwa. Ameacha int. Ukiandika kitu pale input inapokuuliza, Python inakipokea kama maandishi, hata kama ulibonyeza tarakimu tupu. Kwa hivyo mkononi ana maandishi, alama 4 ikifuatwa na alama 2, na siri ni namba arobaini na mbili. Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa Python ni vitu viwili, na haviwezi kuwa sawa hata akikisia hadi kesho.

WAFULA: Lakini mbona haikumwambia amekosea?

ATIENO: Hapo ndipo pabaya. Kuuliza kama vitu viwili ni sawa kunaruhusiwa daima, jibu linakuwa tu hapana. Angeuliza kipi ni kikubwa, Python ingegoma hapo hapo na kumwandikia TypeError. Mimi napenda kosa linalopiga kelele kuliko lile linalonyamaza. Likipiga kelele, anza kusoma mstari wa mwisho wa ule ujumbe mrefu. Wengi huanza juu, wanakata tamaa katikati.

WAFULA: Basi si mtu amwambie tu AI imwandikie?

ATIENO: Itamwandikia, tena vizuri. Ila huyu wa Kondele sasa anajua tofauti ya maandishi na namba, na wa AI ana mchezo ambao hata hataki kuucheza. Tuendelee. Kosa la pili ninaloliona sana ni kuweka randint ndani ya while. Hapo namba inafichwa upya kila ukikisia. Unasema 50, unaambiwa panda. Unasema 51, unaambiwa shuka.

WAFULA: Kama muuza viatu wa soko la Kibuye anayebadilisha bei kila ukifungua mdomo!

ATIENO: Huyo huyo. Ficha namba mara moja, nje ya mzunguko. Na tafadhali, faili lako usiliite random.py. Ukiliita hivyo, import random italeta faili lako mwenyewe badala ya ile ya Python, na utaambiwa randint haipo.

WAFULA: Na mchezaji akiandika "hamsini" kwa herufi?

ATIENO: int itashindwa, mchezo unakufa na ValueError. Weka try na except, amri za kunasa kosa, umwambie aandike tarakimu, aulizwe tena. Hiyo ni ya wiki ya pili, usiikimbilie.

WAFULA: Tucheze basi. Mimi huanza na 17, namba yangu ya bahati.

ATIENO: Bahati ya nini? Anza na 50. Ukiambiwa panda, umefuta nusu nzima kwa swali moja. Kisha 75, kisha katikati ya zilizobaki. Namba zikiwa 100, kwa njia hiyo hutazidi makisio 7.

WAFULA: Saba tu? Na zikiwa 1,000?

ATIENO: Kumi. Milioni moja, 20.

WAFULA: Acha!

ATIENO: Hesabu mwenyewe. Kila kisio linakata nusu. Moja ukiizidisha kwa mbili mara saba ni 128, na 100 inaingia humo. Mara kumi ni 1,024. Mara 20 inapita milioni. Wanaotafuta jina ndani ya orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti hutumia mbinu hii hii.

WAFULA: Nimeona. Na hiyo random yenyewe, inatoa namba wapi?

ATIENO: Ni hesabu tu, inaitwa Mersenne Twister, ya Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura. Kwa mchezo inafaa sana. Kwa nywila, hapana, kwa sababu anayeona namba nyingi za kutosha zilizotoka anaweza kujua zinazofuata. Kwa nywila Python ina kifaa kingine, secrets.

WAFULA: Kazi ya nyumbani?

ATIENO: Geuzeni mchezo. Wewe ufiche namba kichwani, kompyuta ikisie. Weka chini = 1 na juu = 100, kisio liwe (chini + juu) // 2, ile // ikiwa ni kugawa na kuacha desimali. Ukijibu panda, chini inakuwa kisio + 1. Ukijibu shuka, juu inakuwa kisio - 1.

WAFULA: Nikiidanganya je?

ATIENO: Itakushika. Chini ikizidi juu, hakuna namba iliyobaki, maana yake umedanganya mahali. Andika if chini > juu, chapisha "Wewe ni mwongo."

WAFULA: Basi shemeji zangu sitawapa huo mchezo.