Aliyebakiza kidogo apite kwanza

Jamani, habari za jioni. Leo ni foleni za seva za wavuti, yaani kompyuta zinazotuma kurasa kwenye simu zenu: zikizidiwa, nani atangulie? Naona wengine mmefika na matope ya Ngara viatuni, kwa hiyo nianzie mahali mnapopajua: kibanda cha fotokopi.

Mashine ni moja, hutoa ukurasa mmoja kwa sekunde. Wateja kumi wanafika pamoja, kila mmoja na kurasa zake kumi. Mwenye kibanda anaogopa lawama, basi anatoa ukurasa wa huyu, wa yule, anazunguka. Sekunde 90 zinakatika na hajaondoka hata mmoja! Halafu wanamalizika kwa mkupuo. Wastani wa kusubiri ni sekunde 95.5. Angewahudumia mmoja mmoja mpaka amalize, wastani ungekuwa 55. Mashine ileile, karatasi zilezile.

Seva nyingi hufanya kazi kama bwana huyo. Mzigo ukiwa mdogo hakuna anayegundua. Niliwahi kusimamia seva ya matokeo ya mitihani (ya nani, hayo tuyaache). Matokeo yalipotangazwa, maombi ya kurasa yakawa yanaingia kwa kasi kuliko yanavyotoka. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa imetulia kabisa. Kilichojaa ni njia ya kutoka kwenye mtandao. Kila mzazi alikuwa na nusu ukurasa kwenye simu. Na mzazi mwenye nusu ukurasa hufanya nini? Anabonyeza upya. Nusu tuliyokwisha kutuma inapotea bure, tunaanza moja.

Mwaka 1968 mtafiti Linus Schrage alithibitisha kwamba, mhudumu akiwa mmoja, hakuna mpangilio unaoushinda huu kwa wastani wa muda: mhudumie aliyebakiza kazi ndogo kuliko wote. Watafiti Bianca Schroeder na Mor Harchol-Balter wakauleta kwenye Apache (programu ya seva ya wavuti) juu ya Linux (mfumo endeshi), katika foleni za kutolea data: faili lililobakiza baiti chache litangulie.

Na mwenye faili kubwa, si anaonewa? Nami niliuliza hivyohivyo. Lakini kwenye wavuti maombi mengi ni ya vifaili vidogo, na baiti nyingi zimebebwa na mafaili makubwa machache. Wadogo wakipita wote, hawajala njia sana. Tena katika mgawo wa sawa, ule wa kuzunguka kama kibandani, huyo mkubwa alikuwa akigombania njia na umati mzima. Sasa mafuriko ya maombi yakipungua, anaikuta nyeupe.

Sharti ni kujua ukubwa mapema. Picha na PDF, rahisi. Kurasa zinazopikwa na hifadhidata ni kukisia tu, na huko mara nyingi njia ya kutoka siyo inayobana.

Mafuriko ya kutwa, kila siku, hayo foleni haiyawezi. Mwenye faili kubwa hatafikiwa kamwe; heri kumrudisha mlangoni kwa jibu la 503 (“seva haipatikani kwa sasa”) lenye muda wa kurudi kuliko kumkalisha hapo. Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada, uliza.