Kabla hujauliza bei soma namba: mhadhara kuhusu kompyuta za mezani za refabishi, yaani zilizotumika zikakarabatiwa ndo zikauzwa tena

Habari zenu jamani, asanteni kwa kuja, sogeeni mbele kidogo maana hii mashine hapa mezani nitaifungua na nataka kila mtu aone.

Naanza na swali. Ukiambiwa hii ni Core i7, yaani prosesa ya Intel, ule ubongo wa kompyuta, ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16, bei yake kadhaa, utasema ni rahisi au ghali? Wengi mtajibu haraka, ila ukweli ni kwamba mpaka hapo bado hujaambiwa kitu. Kuna i7 ya 2011 na kuna i7 ya juzi, jina ni hilohilo. Mi yalinikuta, nilimnunulia mdogo wangu kompyuta ya kusomea, muuzaji anarudia i7 i7 na mimi nikalipa, kufika nyumbani naangalia ni i7-2600. Dogo akifungua video ya somo prosesa inapanda mpaka juu, feni inalia, picha inakatakata, na kosa halikuwa la intaneti. Video nyingi za YouTube zinakuja kwa kodeki ya VP9, yaani namna ya kuibana video iwe ndogo, na prosesa za Intel za kizazi kile hazina sehemu ya kuifungua, kwahiyo prosesa nzima inabeba mzigo, wakati kuanzia kizazi cha 7 kazi hiyo inafanywa na sehemu yake maalum ndani ya chipu. Iliniuma sana, maana ile hela ilikuwa ya kujibana.

Kwahiyo soma namba baada ya kistari, tarakimu ya kwanza ndo kizazi. i7-2600 ni kizazi cha 2, i5-8500 cha 8, zikiwa tarakimu tano kama i5-10500 unachukua mbili za mwanzo, cha 10. Na usisome stika, stika inabandukaga na kubandikwa kwingine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, jina la prosesa utaliona lenyewe. Hata jina la modeli linadanganya, Dell OptiPlex 7010 ipo ya 2012 na ipo nyingine ya 2023, jina moja kabisa, mtu akiandika tu “7010” kwenye tangazo muulize ni ipi kabla hamjaongea hela.

Sasa kwanini nakazania kizazi hivi? Kwasababu hapo ndo bei ilipojificha. Intel kizazi cha 8 ndo kilileta i5 za mezani zenye kore (vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa) 6 badala ya 4, na ndo kizazi ambacho Windows 11 inaanza kukikubali rasmi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza sapoti ya kawaida ya Windows 10, ofisi nyingi zikawa zinatoa mashine za kizazi cha 6 na 7, nzima kabisa, zinawaka vizuri. Kuna wauzaji wanazilazimishia Windows 11 kwa njia za kuzunguka alafu wanaziuza bei sawa na za kizazi cha 8. Hiyo sio haki. Mashine ni nzima ndio ila umri uliobaki sio sawa, na we unanunua umri uliobaki.

Chukua hesabu hii. Mashine moja inauzwa 10, unaona itakufaa miaka 2, maana ake kila mwaka unalipa 5. Nyingine inauzwa 18, itakufaa miaka 6, kila mwaka ni 3. Iliyoonekana ghali ndo rahisi. Na kabla hujagawanya jumlisha vyote vinavyokosekana, kama ina diski ya kuzunguka weka bei ya SSD, ile diski ya chipu yenye kasi, kama ram ni 4 weka ya kuongeza, leseni ya Windows nayo uliza. Mimi jumla ikivuka nusu ya bei ya mpya ya kawaida huwa naiacha. Alafu usilinganishe na bei za matangazo tu, mtu anaweza kuandika bei yoyote na kitu kikakaa miezi, tafuta zile zilizouzwa kweli.

Haya tufungue. Ona hapa, hili vumbi kwenye hitisinki, chuma hiki cha kupoza prosesa, limeshikana kama sufi, na pasta inayopitisha joto kati yake na prosesa imekauka, inavunjika kama chaki. Hii niliuziwa kama refabishi, lakini ni kuukuu iliyofutwa nje kwa kitambaa. Muulize muuzaji umefanya nini ndani, umebadili nini, garantii miezi mingapi, aliyefanya kazi kweli anakujibu bila kubabaika. Angalia na kapasita, hivi vikopo vidogo kwenye bodi, kama zimevimba juu. Pawa saplai pia, mashine nyingi za ofisi zina plagi za kwao wenyewe, ikiungua huchukui yoyote ya dukani.

Kama diski ni ya zamani washa CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, usome Power On Hours, yaani masaa iliyowaka. Mwaka una masaa 8,760, ukikuta 40,000 hiyo diski imezunguka zaidi ya miaka 4 na nusu bila kupumzika, isihesabiwe kwenye bei kabisa.

Ndio, nimekuona pale nyuma. Ndugu anauliza je kizazi cha 6 tusinunue kabisa? Hapana, nunua, ila kwa bei ya kizazi cha 6. Ninayo moja nyumbani, i5-6500, nimeiwekea SSD na Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, mama anaandikia barua zake na kuongea na wajukuu kila jioni, na haijawahi kumsumbua.