Friji ya Mzee Yule na Nyumba Ishirini na Moja

Wazee wetu, shikamooni. Mabibi na mabwana, ndugu zangu, nawashukuru kwa kunialika tena, ingawa nashuku kwamba baadhi yenu mmekuja kuhakikisha kama safari hii nitaweza kuzungumza mpaka mwisho bila kuitaja friji. Sitaweza. Nimepewa dakika arobaini nizungumzie mpango wa kuijenga upya Seaton House, ile shelta ya wanaume wasio na makazi hapa Toronto, na mpango huo haueleweki bila friji, kwa hiyo tuvumiliane.

Seaton House wengi wenu mnaijua, ama kwa kupita mbele yake mkitoka Allan Gardens kwenda Dundas, ama kwa jina la utani ambalo watu waliobanana humo waliipa kwa kugeuza herufi chache tu: Satan House, Nyumba ya Shetani. Sitapoteza muda kueleza shelta ni nini mbele ya watu ambao baadhi yao walipokelewa katika shelta siku walipotua Kanada. Inatosha kukumbushana kwamba jengo lile la barabara ya George ni la miaka ya 1950, kwamba kwa muda mrefu ndilo lililokuwa shelta kubwa kuliko zote za wanaume katika nchi hii, likilaza zaidi ya watu mia tano kwa usiku mmoja, na kwamba mawazo yaliyolijenga yalikuwa ya mtu mzima wa mwili ambaye amekwama kidogo, atalala siku mbili tatu, atapata kibarua, ataondoka. Wengi hawakuondoka. Walizeekea humo, na jengo lililopangwa kwa ajili ya mpita njia likajikuta linafanya kazi ya hospitali, ya nyumba ya wazee na ya wodi ya wagonjwa wa akili, bila kuwa hata moja kati ya hizo.

Sasa friji.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa hospitalini kumtafsiria mzee wa kwetu, mtu wa Uvira kule Kongo, aliyekuwa amekatwa vidole viwili vya mguu kwa sababu ya kisukari. Hospitali siitaji, wala shelta aliyorudishwa siitaji; haikuwa Seaton House, lakini ingeweza kuwa yoyote. Muuguzi alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Alitoa karatasi ya maelekezo ya kutoka hospitalini, nami nikaisoma kwa Kiswahili mstari kwa mstari: mguu uinuliwe wakati wa kupumzika, kidonda kisafishwe na kufungwa upya kila siku mahali pasafi, chakula kiliwe kwa saa zisizobadilika, insulini ihifadhiwe kwenye friji. Mzee alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, waulize, friji ya nani?"

Nilipomtafsiria muuguzi swali hilo, hakulielewa. Alijibu kwamba friji yoyote inafaa. Na kwa kweli friji yoyote ingefaa, isipokuwa mzee hakuwa na yoyote. Shelta yake ilikuwa na moja, ndani ya ofisi ya watumishi, na ofisi hiyo ilifunguliwa na mwenye zamu, ambaye jana alikuwa mwingine na kesho atakuwa mwingine tena. Kwenye boksi la dawa jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi ambazo hata mama yake mzazi asingezitambua, na siku ofisi iliposafishwa, boksi lisilojulikana la nani likaingia kwenye pipa la taka pamoja na maziwa yaliyochacha. Alipopewa dawa nyingine aliamua kujitegemea, akaiweka dirishani nyuma ya pazia, kwa kuwa ilikuwa Januari na dirisha la Toronto mwezi huo ni baridi kuliko friji. Likawa baridi kupita friji. Insulini ikaganda, na insulini ikishaganda hata ikiyeyuka haifai kitu, lakini kwa macho inafanana na ile nzima. Akajidunga maji, tuseme hivyo. Baada ya siku chache alibebwa na gari la wagonjwa, akatibiwa vizuri sana kwa gharama kubwa sana, akapewa karatasi ileile yenye mistari ileile, akarudishwa shelta ileile. Majira yale ya baridi alirudi hospitalini mara tatu. Na lile sharti la kuinua mguu nalo lilitimizwa kwa namna yake, maana kitanda alichopangiwa kilikuwa cha juu katika kitanda cha dabodeka, kwa hiyo mguu wake, pamoja naye mwenyewe, uliinuliwa mita moja na nusu kutoka sakafuni.

Najua katika ukumbi huu wamo wauguzi, na yupo atakayenikatiza kwamba insulini iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje ya friji hadi wiki nne. Ni kweli kabisa, mama, na nakushukuru. Lakini ile ambayo bado haijafunguliwa inatakiwa kutunzwa kwenye friji, mgonjwa hapewi ya siku moja, na mwezi Julai katika chumba cha watu wengi kisicho na kiyoyozi usiniambie habari za joto la kawaida la chumbani. Isitoshe, mzee yule hakuwa anauliza habari za joto. Aliuliza friji ya nani. Daktari alikuwa na dawa sahihi, shelta ilikuwa na kitanda, wizara ilikuwa na pesa iliyolipa mara zote tatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na jukumu la kuhakikisha kwamba dawa na kitanda vinakutana nyuma ya mlango mmoja ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mgonjwa. Maneno "huduma jumuishi" yanapotajwa kwenye makabrasha ya jiji, mimi kipimo changu ni hicho.

Tuje basi kwenye mpango wenyewe. Baraza la Jiji lilianza kuujadili mwaka 2013 na kuupitisha kwa umbo lake kubwa mwaka 2016, kwa gharama iliyokadiriwa kupita dola milioni 500. Ulisema kwamba Seaton House ibomolewe, nyumba kongwe za kihistoria zilizo jirani zihifadhiwe, na pale pale mahali pake vijengwe vitanda 378 vya nyumba ya kutunzia wazee na wagonjwa wa kudumu, nafasi 130 za makazi ya mpito kwa wanaohitaji uangalizi, vitanda 100 vya shelta ya dharura, kituo cha huduma kitakachowafaa hata majirani, na nyumba za kodi nafuu ambazo idadi yake nitaitaja baadaye kidogo kwa sababu nataka kwanza nisifie.

Nasifia kwa moyo mweupe. Mtu aliyezeekea shelta, tena mwenye miaka hamsini na tano na mwili wa miaka sabini na tano, kwa kawaida nyumba za wazee humkataa, ama kwa sababu anakunywa, ama kwa sababu anaongea peke yake usiku, ama kwa sababu fomu inadai anwani. Utafiti wa Stephen Hwang uliochapishwa mwaka 2000 juu ya wanaume waliolala katika shelta za mji huu ulionyesha kwamba wenye umri wa miaka 45 hadi 64 walikufa kwa kiwango kilicho mara 2.3 ya wanaume wa umri huohuo katika watu wa kawaida wa Toronto, na kwa wa miaka 25 hadi 44 ni mara 3.7. Kuwajengea watu kama hao mahali panapowapokea walivyo ni kazi ya maana, na haikuanzia hewani. Majira ya baridi ya mwaka 1996 wanaume wasio na makazi walikufa kwa baridi katika mitaa ya Toronto, uchunguzi wa vifo vyao ukafanywa hadharani, na baada yake Seaton House ilianzisha sehemu iliyoitwa Annex, ambako mlevi wa kudumu hakufukuzwa kwa ulevi wake bali alipewa mvinyo kwa kipimo, glasi kwa glasi, kwa saa maalumu, ili asitoke kwenda kunywa spiriti au dawa ya kusukutulia kinywa na kulala kwenye theluji.

Hapa ndipo kila mwaka shekhe mmoja au mchungaji mmoja husimama kuniuliza kama serikali inawanywesha watu pombe. Nimekwisha kuona mkono. Naomba uushushe kwanza, mheshimiwa, unisikilize. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inawapa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, watumiaji wa heroini tangu mwaka 2011, wale vijana mtaani tunaowaita mateja, na hakuna anayesema Muhimbili inauza unga. Mtu huanza kuja kila asubuhi, hunywa dozi yake mbele ya mtoa dawa, hupimwa, huulizwa hali, na polepole anarudi kuwa mtu wa kwao. Kanuni ya Annex ni ndugu yake hiyo. Kinachomrudisha mgonjwa ni ule uhakika kwamba kesho ataonwa na mtu anayemjua jina, na kinywaji ndicho kinachomfanya asiikimbie kesho hiyo.

Sasa idadi niliyoiacha. Ishirini na moja. Katika mpango wote ule, nyumba za kodi nafuu, yaani mlango, mkataba wa upangaji, jiko na friji yake, zilikuwa 21. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa amedondosha sifuri. Vitanda na nafasi nyingine zote ukizijumlisha zinafika 608, na kila moja ina manufaa yake, lakini mzee wa Uvira hakuwa mgonjwa wa kulazwa maisha yake yote. Alikuwa mtu wa kuishi peke yake, mwenye kuhitaji muuguzi mara moja kwa wiki na ufunguo kila siku.

Mtaniambia nyumba haijengwi kwa maneno na ardhi ya katikati ya mji ni ghali. Helsinki, kule Ufini, nako ardhi si ya bure. Jeshi la Wokovu lilikuwa na hosteli ya wanaume katika mtaa wa Alppikatu, vitanda 250, jengo la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa maana hiyo ni kongwe kuliko Seaton House yetu. Mwaka 2012 ilikuwa imegeuzwa kuwa nyumba 81 zinazojitegemea, kila mpangaji na mkataba wake na kodi yake, na watumishi wa ustawi wa jamii ndani ya jengo hilohilo. Mwanahesabu atauliza, 250 toa 81, wale 169 walikwenda wapi? Swali zuri, na ndilo swali ambalo Wafini waliliuliza kabla ya kushika nyundo. Shirika la Y-Säätiö lilikuwa likinunua nyumba moja moja katika majengo ya kawaida ya watu wa kawaida tangu mwaka 1985, na wakati shelta zinafungwa, nyumba nyingine zilikuwa zinajengwa. Vitanda vya shelta na hosteli Helsinki vilikuwa 2,121 mwaka 1985. Mwaka 2016 vilibaki 52.

Na msiseme hayo ni ya Ulaya. Hapa hapa Kanada, kati ya mwaka 2009 na 2013, serikali kuu ilifadhili jaribio katika miji mitano, Toronto ukiwemo, kwa watu zaidi ya 2,000 wasio na makazi wenye maradhi ya akili. Kundi moja lilipewa nyumba kwanza, bila sharti la kuacha pombe wala kumeza dawa, huku wahudumu wakiwafuata nyumbani. Jingine liliachwa na huduma zilizokuwepo. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa ndani ya nyumba muda wote, na wale wengine asilimia 31. Jaribio tumelifanya, jibu tumelipata, kisha tukaandika 21.

Niende haraka, kwa kuwa mwenyekiti ameanza kuitazama saa yake kwa namna ninayoifahamu. Kubomoa kunaanza na kuhamisha, na kuhamisha watu mia kadhaa kunahitaji mitaa mingine ikubali kuwapokea. Mikutano ya majirani nimehudhuria, na nimeshangaa jinsi mtu anavyoweza kuipenda huduma jumuishi kwa moyo wake wote alimradi iwe kilomita kumi kutoka kwake. Mzee akihamishwa kutoka barabara ya George kwenda pembezoni mwa Scarborough, daktari wake wa hospitali ya St. Michael's hahami naye. Mpango wowote utakaoandikwa uonyeshe, kwa kila mtu, analala wapi usiku wa kwanza na kidonda chake kinafungwa na nani siku ya pili.

La wakimbizi nilitaka nilipe nafasi yake na sitaweza. Mnakumbuka kiangazi cha 2023, waomba hifadhi kutoka Afrika, Wakenya na Waganda wakiwemo, wakilala kwenye kijia cha miguu nje ya ofisi ya mapokezi ya barabara ya Peter, huku jiji na serikali kuu zikisukumiana barua, mpaka makanisa ya Waafrika kama Revivaltime Tabernacle yalipofungua milango. Wengine wenu ndio mliopika wali ule. Kijana wa barabara ya Peter na mzee wa barabara ya George wanashindania vitanda vilevile, na kila nyumba isiyojengwa kwa ajili ya mzee ni kitanda ambacho kijana hakukipata. Msikubali kuambiwa kwamba mmoja wao ndiye aliyemwibia mwenziwe.

Kuhusu mishahara ya watumishi wa shelta na kuhusu wanawake, ambao Seaton House haikuwahi kuwahusu na ambao wana hoja zao nzito, naomba nialikwe siku nyingine. Kamati za baraza hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi, na huwapa nafasi ya kusema dakika chache mbele yao. Karatasi ziko mezani pale karibu na chai. Atakayeandika kwa Kiswahili tutamtafsiria leo hii kabla ya kuondoka. Na mheshimiwa mchungaji, mkono wako sasa unaweza kuunyoosha.